SOMO: BARUA YA BIMA INAPOFICHUA SIRI YA MWANACHAMA

Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo anapoomba mkopo wenye bima, hujaza fomu mbili. Ya kwanza hueleza mali yake. Ya pili hueleza mwili wake. Fomu ya kwanza husomwa na Kamati ya Mikopo. Fomu ya pili haiandikwi kwa ajili ya Kamati. Hutiwa katika bahasha, ikafungwa, ikapelekwa kwa kampuni ya bima, ili kampuni ipime kama itakubali kubeba deni hilo endapo mkopaji atafariki au kupata ulemavu wa kudumu kabla ya kumaliza kulipa.

Somo hili lahusu siku ambayo habari za fomu ya pili zinarudi chamani kwa makosa, na kusomwa na watu wasiohusika. Makusudi yake ni mawili: kwanza, Katibu ajue la kufanya katika saa ya kwanza, siku ya kwanza na juma la kwanza, pili, mwanachama ajue haki zake na mahali pa kuzidai.

MFANO WA CHAMA KIMOJA

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo, lakini mambo yaliyomo si mageni katika ofisi za vyama.

Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimepeleka kwa kampuni ya bima maombi ya wanachama 12. Baada ya majuma matatu ikaja bahasha. Siku hiyo ilikuwa ya malipo, na ofisi ilijaa watu. Katibu alikuwa ameitwa wilayani, na karani akaifungua bahasha ile kama afunguavyo nyingine zote. Ndani yake ilitakiwa kuwamo karatasi moja tu, yenye majina 12 na neno "amekubaliwa" au "hakukubaliwa" mbele ya kila jina. Badala yake zilikuwamo karatasi tano. Mtumishi wa kampuni aliyeandaa barua alikuwa ameambatanisha orodha ya ndani, ile ambayo daktari wa kampuni huandika sababu za uamuzi wake. Mbele ya jina la mama mmoja mjane paliandikwa ugonjwa wake, dawa anazotumia, na mwaka alioanza kuzitumia. Ugonjwa huo hautatajwa hapa, kwa kuwa somo halihitaji kuutaja, kama vile chama nacho hakikuhitaji kuujua.

Karani, kwa kutofikiri wala si kwa ubaya, alisoma kurasa mbili kwa sauti ili mweka hazina asikie. Wazee wawili waliosimama dirishani walisikia pia. Kijana mmoja akaomba kuona jibu la ombi la baba yake, akapewa karatasi, akaipiga picha kwa simu ili akamwonyeshe mzee nyumbani. Picha ile ilikuwa na majina yote. Kabla ya jua kutua ilikwisha kuingia katika kundi la WhatsApp la kijiji. Siku ya pili yake mmoja wa wadhamini watatu wa mama yule alifika ofisini kuomba jina lake lifutwe katika fomu ya mkopo.

Yafaa ieleweke kwamba mama huyo alikuwa amekubaliwa na kampuni. Alitozwa ada iliyozidi kidogo ile ya wenzake, basi. Kwa kampuni, jambo lake lilikuwa limekwisha. Kijijini ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

KWA NINI KAMPUNI YA BIMA HUJUA SIRI HIZO

Wapo wanachama wanaouliza kama kuna haja yoyote ya kuieleza kampuni magonjwa yao. Haja ipo. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa yule anayeomba kukatiwa bima. Akificha jambo kubwa ambalo lingebadili uamuzi wa kampuni au kiasi cha ada, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya madai. Katika bima ya mkopo, siku hiyo mara nyingi ni siku ya msiba. Mkopaji amekwisha kuzikwa, bima haikulipa, na deni linawageukia warithi na wadhamini.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa ushirika mzima. Mwanachama aliyeona siri ya jirani yake ikisomwa dirishani, atakapoletewa fomu ya afya ataandika "hapana" kila mahali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu hafichi maradhi kwa upumbavu tu, hufichа pia kwa sababu amekwisha kuona walioyasema walivyotendwa. Kwa hiyo kila siri inayovuja leo huzaa fomu za uongo kesho, na kila fomu ya uongo ni deni linalowangoja wajane, mayatima na wadhamini. Anayelinda siri ya mwanachama mmoja analinda fedha za chama chote.

Aidha, karatasi hizi siku hizi hupita katika mikono mingi kuliko zamani. Tangu bima ilipotaifishwa mwaka 1967, kazi hiyo nchini Tanzania ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa, mpaka Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Leo kati ya mwanachama na kampuni huweza kuwapo wakala, dalali wa bima, benki na hospitali iliyompima. Barua nyingi haziji tena kwa posta bali kwa barua pepe, na herufi moja ikikosewa katika anwani, orodha nzima huenda kwa mtu mwingine. Kosa ambalo zamani lingepeleka karatasi moja kwa ofisi moja, sasa laweza kupeleka majina mia kwa watu mia.

SHERIA INASEMAJE

Jambo la kwanza ni Katiba. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, Ibara ya 16 iliweka hifadhi ya maisha binafsi ya kila mtu na ya mawasiliano yake.

Jambo la pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Sheria hii inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, yaani zile zinazohitaji ulinzi mkubwa kuliko jina au namba ya simu. Inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo tu, na zihifadhiwe kwa usalama. Usalama huo ukivunjika, aliyezikusanya hupaswa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2019 imetaja hata saa: mkusanyaji hupaswa kumwarifu Kamishna katika muda wa saa 72 tangu alipotambua kwamba taarifa zimevuja na kuna hatari ya madhara kwa wenyewe. Hiyo yatosha kuonyesha kwamba jambo hili huhesabiwa kwa saa, wala si kwa miezi.

Jambo la tatu linahusu ugonjwa mmoja peke yake. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inataka matokeo ya kipimo yawe siri, na inakataza ubaguzi dhidi ya mwenye virusi.

Katibu asije akadhani kwamba sheria hizi zinaigusa kampuni ya bima tu. Chama kinachopokea fomu za wanachama, kuziweka katika majalada na kuzipeleka kwa wengine, nacho ni mkusanyaji wa taarifa. Katika mfano uliotolewa, kampuni ilikosa kwa kuambatanisha orodha isiyotakiwa. Lakini si kampuni iliyoisoma kwa sauti, wala si kampuni iliyompa kijana karatasi aipige picha. Kosa la kwanza halifuti la pili.

SAA YA KWANZA: KAZI YA KATIBU

Mara Katibu anapotambua kwamba mikononi mwake pana habari ambazo hazikumhusu, afanye haya:

1. Aache kusoma. Akishajua kwamba karatasi ni ya habari za afya, amekwisha kujua yote anayohitaji kujua. Kuendelea kusoma ili "kuhakikisha" ni kuongeza kosa.

2. Atie karatasi zote katika bahasha, aifunge, aandike juu yake tarehe, saa na saini yake, kisha aifungie katika sanduku la fedha. Asizitie katika jalada la mikopo, ambalo husomwa na wengi.

3. Asizichome wala kuzichana. Karatasi hizo ni ushahidi wa mwanachama, na si mali ya chama.

4. Asitoe nakala. Kama zimekuja kwa barua pepe, asizipeleke kwa mtu mwingine, hata kwa Mwenyekiti. Anapoiandikia kampuni aanze barua mpya, badala ya kujibu juu ya ile ile iliyobeba orodha.

5. Aandike majina ya wote walioona au kusikia. Orodha hiyo iwe ya majina ya watu, bila kutaja walichokisoma.

6. Awaite hao mmoja mmoja, awaombe kwa heshima wanyamaze, na waliopiga picha wazifute mbele yake, pamoja na zile zinazobaki katika sehemu ya simu inayohifadhi vilivyofutwa. Kama picha imeingia katika kundi, msimamizi wa kundi aombwe kuiondoa. Tangazo lisitolewe kundini kuhusu "ile orodha ya magonjwa", kwa sababu tangazo la namna hiyo huwaamsha hata wale ambao hawakuiona.

7. Katika rejista ya barua aandike tu namba ya barua, tarehe, na maneno "imepokelewa kwa makosa, imefungwa".

SIKU YA KWANZA: MWENYEWE AAMBIWE

Makatibu wengi hushindwa hapa. Wengine huona haya, na wengine husema, "Afadhali asijue, asije akaumia bure." Huruma hiyo haimsaidii mwanachama. Mwenye siri atajua tu, ama kwa Katibu aliyekuja kwake kwa heshima, ama kwa jirani atakayemcheka kisimani. Aidha, asipojua hawezi kujitetea.

Katika mfano uliotolewa, Katibu aliporudi kutoka wilayani jioni hakumwita mama yule ofisini, kwa sababu kumwita kungewapa watu la kusema. Alikwenda mwenyewe kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Katibu. Karibu. Je, mkopo umekubaliwa?"

"Umekubaliwa, mama. Lakini limetokea jambo, na ni lako wewe mwenyewe. Naomba tukae mahali ambapo watoto hawatusikii."

Wakakaa nyuma ya nyumba. Katibu akaeleza yote kwa utaratibu: karatasi gani ilikuja, nani aliifungua, nani alisoma, nani alisikia, na kwamba ipo picha. Hakusema "kampuni imekosa" akanyamaza. Alisema, "Kampuni imekosa kuileta, na sisi ofisini tumekosa kuisoma. Nimekuja kukuomba radhi kwa hili letu."

Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu anayetaka kuolewa, wakwe zake wamo katika kundi hilo la simu?"

Katibu hakujua, na hakujifanya anajua. Alisema, "Sijui, mama. Nitaliangalia leo usiku, na asubuhi nitakuambia kweli."

"Nimelipa mikopo minne katika chama hiki," mama alisema, "wala sijachelewa hata mwezi mmoja. Ugonjwa huu ninao tangu mkopo wa kwanza. Mbona siku zote nilikuwa mwanachama mwema?"

Swali hilo lafaa lisomwe katika kila Kamati ya Mikopo.

WAJIBU WA KAMATI

Kamati ikae, lakini ugonjwa usitajwe kikaoni wala kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Kumbukumbu ziandikwe: "Taarifa za siri za mwanachama zilipokelewa kwa makosa, hatua zimechukuliwa." Hayo yanatosha kwa mkaguzi.

Pili, Kamati isitumie habari iliyovuja kuamua mkopo. Chama kinahitaji jibu la kampuni, hakihitaji ugonjwa wa mtu. Kampuni ikisema "amekubaliwa" na kutaja ada, Kamati ina yote inayostahili kuwa nayo. Habari zilizotolewa kwa ajili ya kupima bima haziwezi kugeuzwa kuwa kipimo cha uaminifu wa mkopaji, wala sababu ya kumwondoa mtu katika uchaguzi wa viongozi.

Tatu, mdhamini anayetaka kujitoa aelezwe kwa upole maana ya bima. Bima ikiwapo na fomu ikiwa ya kweli, mdhamini wa mgonjwa aliyejieleza yu salama kuliko mdhamini wa mzima aliyedanganya. Lakini asielezwe ugonjwa, hata kama amekwisha kuusikia. Katibu aseme tu, "Habari za afya za mwanachama si za kujadiliwa hapa, kampuni imemkubali."

Nne, chama nacho kitoe taarifa yake kwa Tume kwa upande wa kosa lake, bila kurudia habari zilizovuja.

JUMA LA KWANZA: BARUA YA MWANACHAMA KWA KAMPUNI

Dai ni la mwanachama mwenyewe. Katibu aweza kumsaidia kuandika, lakini asipeleke shauri kwa jina lake bila ridhaa yake ya maandishi. Wapo watakaotaka kudai mpaka mwisho, na wapo watakaotaka jambo lizimike upesi. Wote wana haki.

Barua iwe fupi, iwe na tarehe, wala isitaje ugonjwa. Nakala ibaki kwa mwanachama. Mfano wake ni huu:

"Meneja,
Mimi ni mwanachama namba … wa chama cha …, niliyeomba bima ya mkopo tarehe …. Tarehe … kampuni yako ilipeleka kwa chama changu habari za afya yangu, ambazo chama hakikuziomba wala hakikustahili kuzipata. Zimesomwa na watu wengine bila ridhaa yangu. Naomba nijibiwe kwa maandishi mambo haya:
(a) ni habari zipi hasa zilizotoka, zilitoka lini, na kwa nani mwingine zaidi ya chama;
(b) kosa lilitokeaje, na limezuiwa vipi lisirudie;
(c) kampuni itazirudishaje au kuziharibu karatasi hizo, baada ya mimi kupata nakala ya ushahidi;
(d) kama Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imearifiwa, na tarehe gani;
(e) kampuni itanifidiaje kwa hasara niliyopata.
Naomba jibu lako liletwe kwangu mwenyewe, katika bahasha iliyofungwa, na lisipitie ofisi nyingine yoyote."

Sentensi ya mwisho isisahauliwe. Imewahi kutokea mara nyingi katika kazi za ofisi kwamba barua ya kuomba radhi ikafuata njia ile ile iliyoharibu mambo.

Mwanachama atunze pia ushahidi wa hasara: stakabadhi za nauli, barua ya mdhamini aliyejitoa, tarehe aliyokosa kazi au biashara, na majina ya mashahidi. Fidia hudaiwa kwa karatasi, haidaiwi kwa machozi peke yake, ingawa machozi ni ya haki.

KAMPUNI ISIPOJIBU

Iwapo kampuni haikujibu, au imejibu kwa dharau, milango mingine iko wazi:

Wa kwanza ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili, 2024. Tume hupokea malalamiko, huchunguza, na ina uwezo wa kuamuru kosa lirekebishwe, kutoza faini na kuagiza fidia. Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria kwa kukusudia aweza pia kushtakiwa na kufungwa. Jambo hili walijue na wale wanaosambaza picha kwa kujifurahisha.

Wa pili ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo husimamia makampuni ya bima, mawakala na madalali chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Malalamiko juu ya mwenendo wa kampuni hupelekwa huko.

Wa tatu ni Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kwa mgogoro wa mkata bima na kampuni yake, kama vile pale ambapo kampuni imepandisha ada au kukataa madai baada ya tukio. Huko huulizwa kwanza kama kampuni imekwisha kuandikiwa. Kwa hiyo nakala ya barua ya awali ni ufunguo wa mlango huo.

Kama siri imetolewa na hospitali au mganga, na si kampuni, lalamiko lianzie kwa uongozi wa hospitali hiyo, kisha liende kwa baraza linalosimamia taaluma yake.

YANAYOREKEBISHIKA NA YASIYOREKEBISHIKA

Ni lazima ukweli usemwe. Maji yakimwagika hayazoleki. Karatasi yaweza kurudishwa, picha yaweza kufutwa, fidia yaweza kulipwa. Lakini jambo lililosikiwa haliwezi kutolewa masikioni. Ndiyo maana hatua zote zilizotajwa hazikusudii kurudisha siri, bali kuzuia isiende mbali zaidi, na kuzuia isitumiwe kumdhuru mwenyewe.

Katika mfano uliotolewa, picha iliondolewa kundini usiku ule, baada ya Katibu kumwendea msimamizi nyumbani kwake. Wakwe watarajiwa hawakuwamo katika kundi. Asubuhi Katibu alimpelekea mama habari hiyo kama alivyoahidi. Hata hivyo haikujulikana ni simu ngapi zilikuwa zimekwisha kuihifadhi. Wadhamini wawili walibaki. Wa tatu alijitoa na hakurudi, na nafasi yake ikachukuliwa na karani yule yule aliyesoma kwa sauti, ambaye naye alikuwa mwanachama. Kampuni iliomba radhi kwa barua iliyofungwa, ikagharimia usumbufu, na ikabadili utaratibu wake wa kuandaa majibu. Mama alipata mkopo, akanunua ng'ombe wa maziwa. Mkutano Mkuu uliofuata hakuhudhuria. Uliofuata huo alihudhuria, akakaa karibu na mlango.

KINGA

Chama kisingoje barua ipotee njia. Mambo haya hayana gharama kubwa:

1. Chama kiandikiane na kampuni kwamba majibu yote yawe na jina, uamuzi na ada tu, pasiwe na safu ya "sababu".

2. Fomu za afya zijazwe na mwanachama mwenyewe, azifunge mwenyewe katika bahasha, na chama kizisafirishe bila kuzifungua. Asiyejua kusoma achague mwenyewe wa kumsaidia.

3. Barua zote za bima zifunguliwe na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa maandishi, naye afungue mlango ukiwa umefungwa. Siku ya malipo zisifunguliwe kabisa.

4. Karani na wajumbe wote wa Kamati watie saini ahadi ya kutunza siri, na isomwe upya kila mwaka.

5. Chama kijiandikishe kwa Tume kama sheria inavyotaka.

Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu walikaa katika vikundi kote nchini Tanzania, wakasikiliza redio na kujadili kwa pamoja jinsi ya kujikinga na malaria, kichocho na magonjwa ya kuhara. Hilo lilikuwa jema, na lafaa kuendelea, kwa sababu maarifa ya afya ni mali ya wote. Bali habari za afya ya mtu mmoja ni mali yake mwenyewe, kama akiba yake ilivyo ndani ya kitabu chake. Katibu ambaye hawezi kutangaza dirishani kwamba fulani ana shilingi ngapi, asithubutu kutangaza kwamba fulani anameza dawa gani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika chama chenu, ni watu wangapi hushika fomu ya afya tangu ijazwe hadi ifike kwa kampuni? Ni wangapi wanaohitajika kweli?

2. Mdhamini amekuja kujitoa kwa sababu ya habari aliyoisikia. Katibu amjibu nini bila kutoa siri wala kusema uongo?

3. Mwanachama ambaye siri yake imevuja anasema, "Sitaki mambo zaidi, yaacheni." Je, chama bado kina wajibu gani?

4. Kwa nini fomu ya afya yenye uongo ni hatari kwa wadhamini kuliko fomu yenye ugonjwa?

5. Karani katika mfano hakuwa na nia mbaya. Je, Bodi imchukulie hatua gani? Toeni sababu.